Ufunguo wa Pampu

Kwa miaka ishirini na mbili Twila Hostetter alitembea na ufunguo shingoni, umefungwa kwa kamba ya kiatu, kama ng'ombe wa maziwa na kengele yake. Ulikuwa ufunguo wa kisanduku cha pampu. Uwanja wa mpira wa magongo wa Chuo cha Lauber ni wa nyasi za bandia, na nyasi hizo zisiponyweshwa kabla ya mechi, mpira huruka ovyo na wasichana huchunika magoti. Kwa hiyo kandokando ya uwanja imesimikwa mizinga sita ya maji, na mizinga hiyo ilimtii mtu mmoja tu. Si kocha mkuu, si mkurugenzi wa michezo. Twila.

Ukiitazama kwa mbali, kazi ya kocha msaidizi ni kusimama nyuma ya mtu. Isogelee uone. Twila ndiye aliyebeba magunia ya mipira. Twila ndiye aliyekata machungwa ya mapumziko, vipande vinne kila chungwa, vilivyo sawa kama vimepimwa. Ndiye aliyetazama video za wapinzani mpaka akajua ni beki gani anaogopa mpira ukimjia kushoto. Ndiye aliyezunguka shule za sekondari za Pennsylvania nzima akitafuta wachezaji, ndani ya gari lenye harufu ya vifaa vya golikipa, na harufu hiyo, niaminini mimi, haifukuziki kwa sabuni wala kwa sala. Mechi ikiisha wenzake walikwenda kula, yeye akabaki uwanjani akiokota mipira. Wazazi wa pale huwa wanapanga meza kwenye maegesho ya magari na kulisha timu zote mbili, na mume wake, Glenn, ndiye mpishi wa supu ya kuku na mahindi. Katika miaka yote hiyo Twila hakuwahi kuinywa supu ya mume wake ikiwa moto.

Lakini fahari yake ilikuwa kona. Timu ikipata kona ya adhabu, msichana mmoja husukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, mwenzake huusimamisha nje ya duara lililo mbele ya goli, wa tatu hupiga, na walinzi hutoka golini mbio kuja kuwavuruga. Yote huisha kwa sekunde tatu, nne. Twila alikuwa ametunga namna kumi na moja za kuzitumia sekunde hizo, na kila moja aliipa jina la pai: Boga, Tufaha, Cheri, Pichi, na kuendelea. Alilipaza jina hilo kutoka benchi, wasichana wakajua la kufanya. Kila Agosti aliyabadilisha majina, hivyo majasusi waliopoteza msimu mzima wakiandika kwamba Boga maana yake ni kupiga kulia, mwaka uliofuata walilishwa Boga la kushoto.

Mtu ambaye Twila alisimama nyuma yake alikuwa Dottie Kressley, kocha mkuu kwa miaka thelathini na minne. Alikuwa mfupi, mwenye umri wa miaka sitini na minane na sauti ya kuwaita watu kutoka ng'ambo ya shamba la mahindi. Septemba alitangaza kwamba msimu huu ndio wake wa mwisho. Mji mzima wa Ebersburg ulijua nani anamrithi. Kinyozi alijua, mchungaji alijua, hata madereva wa lori la maziwa wenzake Glenn walijua. Aliyekuwa hajakubali ni Twila peke yake.

Randall Moyer, mkurugenzi wa michezo, alimwita ofisini Oktoba akamwekea barua mezani. "Nafasi ni yako. Weka saini tu."

"Nitafikiri."

Alimwita tena baada ya wiki. "Umefikiri?"

"Mimi mtu wa nyuma, Randall. Kila mtu na mahali pake."

Mara ya tatu Moyer alivua miwani. "Sikiliza, Twila. Jumamosi ni mechi ya mwisho. Ikipita bila saini yako, Jumatatu nampigia yule kocha wa Virginia. Na yeye anakuja na wasaidizi wake wawili. Sitakuwa na kiti cha kukupa."

Twila akaikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa jaketi, na kwa siku zilizobaki ikakaa humo ikimchoma. Akisaini, anaogopa. Asiposaini, anapoteza wasichana, kona, magunia, na hata ile harufu. Glenn alimuuliza kila asubuhi kama amesaini, naye kila asubuhi alimuuliza Glenn kama amebadilisha mafuta ya gari.

Mnataka kujua aliogopa nini. Aliogopa maji.

Miaka tisa kabla ya hapo, mtoto wa Dottie alioa Ohio siku ileile ya mechi dhidi ya Wentling, mahasimu wa ng'ambo ya mto. Dottie akaenda arusini, Twila akaachiwa timu peke yake kwa mara ya kwanza. Sasa, pampu ile ina saa yake. Kila siku saa kumi alasiri huamka yenyewe kuosha uwanja, isipokuwa mtu aende na ufunguo wakati wa mapumziko akaizime. Kila mechi Twila alikuwa akichomoka kimyakimya, akimwacha Dottie anazungumza na wasichana, anazima, anarudi. Siku ile aliyekuwa anazungumza na wasichana alikuwa yeye. Alizungumza vizuri, tena vizuri sana. Ufunguo ukabaki shingoni.

Matokeo yalikuwa sare, zimebaki dakika mbili, na Lauber wamepewa penalti. Mpigaji amesimama, mwamuzi ametia filimbi mdomoni, watu wamenyamaza kama kanisani. Saa kumi kamili mizinga sita ikainua vichwa. Mpigaji aliteleza na mpira ukaenda kuwasalimu watazamaji. Mwamuzi alipigwa na maji usoni, filimbi ikiwa bado mdomoni, na mpiga picha wa gazeti la kaunti alikuwa amekaa pazuri. Wentling walishinda katika muda wa nyongeza. Picha ile imetundikwa hadi leo katika mkahawa wa mjini, juu ya kabati la pai, na watu waliiita siku ile Gharika.

Watu wa Ebersburg si wabaya, lakini wakipata utani hawautupi. Kwa miaka tisa Twila hakuweza kununua mkate bila kuulizwa kama wikendi kuna haja ya mwavuli. Alicheka nao. Moyoni alikuwa amekwisha kujihukumu: mzoea udalali, duka haliwezi. Alipewa duka siku moja tu, akalizamisha.

Jumamosi ya mwisho ikafika, kweupe na baridi, majani makavu ya miti yamejaa hadi kwenye mstari wa goli. Wapinzani, kwa bahati ambayo Twila aliiita balaa, walikuwa Wentling. Saa tano asubuhi alikuwa anashusha magunia garini aliposikia sauti nyuma yake.

"Nipe huo ufunguo."

Ni Dottie. Amevaa koti la mvua na kofia ya sufu, na mikononi ana neti ya machungwa.

"Wa nini?"

"Nikamwagilie uwanja."

"Dottie, wewe hujawahi kumwagilia hata ua la dirishani kwako."

"Ndiyo maana nataka kujifunza. Leo mimi msaidizi, wewe mkuu. Randall anajua, waamuzi wanajua, na jina lako nimeshaliandika kwenye karatasi ya timu. Kwa kalamu ya wino, usiniambie nifute."

"Mechi yako ya mwisho hii. Watu wanakuja kukuaga wewe."

"Wataniaga nikiwa nimekaa. Nina miguu mibovu. Lete."

"Huu ni mtego."

"Ni mtego, ndiyo. Ingia."

Twila alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. Mtu hachukuliwi hivihivi mbele ya magari ya watu akasukumwa kwenye jambo analoliogopa. Lakini wasichana walikuwa wamekwisha kuwasili na magongo yao, wamesimama wanatazama. Nahodha wao, Jocelyn, msichana mrefu wa mwaka wa nne, alikuwa anajifanya anafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Twila akaivua ile kamba shingoni. Shingo ikawa nyepesi mpaka akahisi baridi.

Dottie alikuwa msaidizi wa hovyo kabisa. Tangu Ebersburg ianzishwe hakujatokea msaidizi wa hovyo kama yule. Alifungua gunia la mipira chini juu, mipira sitini ikateremka hadi barabarani, na lori la maziwa likalazimika kusimama. Machungwa aliyakata kwa kisu cha siagi: vipande vingine vilikuwa vya kuzuilia mlango, vingine vya kumpa shomoro. Alipowasha mizinga alisimama upande usiofaa, akarudi kwa Twila akichuruzika kuanzia kofia.

"Inafanya kazi," alisema.

"Naona."

"Mbona hukuniambia ule mzinga wa pembeni unageuka nyuma?"

"Hukuuliza, Dottie. Na wakati wa mapumziko uende ukaizime. Ile ya saa kumi. Unasikia? Saa kumi."

"Nimesikia mara ya nne hii."

Wazazi wa Wentling waliingia saa saba na nusu, na walikuwa wamejiandaa. Kila mmoja alikuwa amekuja na mwavuli. Miavuli ya bluu, rangi ya chuo chao, imenunuliwa kwa pamoja.

"Twila," aliita baba mmoja mwenye tumbo la heshima, "tunaambiwa leo mkuu ni wewe. Tukae safu ya ngapi ili tusilowe?"

"Kaeni nyumbani," Glenn akamjibu kutoka kwenye sufuria, bila kuacha kukoroga. "Na supu leo ni ya watu wenye adabu."

"Basi wewe mwenyewe utakunywa nini?"

Watu wakacheka, Twila naye akacheka. Tena mambo yakazidi kuwa mabaya. Siku ya mwisho wasichana wa mwaka wa nne huagwa: kila mmoja hupewa maua, hutembea uwanjani na wazazi wake, na jina lake husomwa. Safari hii Dottie naye aliagwa, na akapewa kipaza sauti. Aliahidi maneno mawili. Alianza na mwaka alioajiriwa, akapita kwa mbwa wake wote watatu, na alipomaliza mechi ilikuwa imechelewa dakika ishirini na tano. Twila akapiga hesabu kichwani. Saa kumi kamili ingewakuta katikati ya robo ya mwisho.

Mechi ikaanza. Twila alisimama mahali pake, yaani hatua moja nyuma na hatua moja kushoto ya pale anaposimama kocha mkuu. Pale mbele hapakuwa na mtu. Wentling walikuja kama nyuki, na dakika ya tisa wakafunga. Miavuli ya bluu ikafunguliwa yote kwa pamoja, ikazungushwa.

Mpira ulipotoka nje Jocelyn alikimbia hadi benchi. "Kocha T, mbona umejificha huko? Hatukuoni."

"Nipo hapahapa siku zote."

"Siku zote hatukutafuti wewe."

Alisema hivyo bila ubaya, akarudi kucheza. Twila akatazama viatu vyake. Akapiga hatua moja mbele na moja kulia. Ardhi ilikuwa ileile, ila sasa aliuona uwanja wote bila bega la mtu kumzuia, akaona kitu ambacho video hazikuwa zimemwonyesha: beki wa kulia wa Wentling, kila akikimbizwa, huangalia kwa golikipa wake kwanza ndipo aondoe mpira. Nusu sekunde ya bure, mechi nzima.

Mapumziko yalifika bado ni moja bila. Wasichana wakajikusanya, wakitafuna machungwa na kuulizana kimya kimya ni nani aliyeyafanya vile. Twila akafungua mdomo kusema, na miguu yake ikaanza kwenda kwenye pampu. Haikumuuliza. Mkono ulikwisha kufika shingoni ndipo akahisi hakuna kitu.

Dottie alikuwa amemkingia njia. "Unakwenda wapi?"

"Pampu, nataka tu kuhakikisha..."

"Pampu ina mwenyewe. Wewe una wasichana ishirini na wawili. Rudi."

"Utaizima?"

"Twila. Rudi."

Akarudi. Hakuwa na hotuba, basi akawaambia alichokiona. Aliwaeleza habari za yule beki na nusu sekunde yake. Alimwambia Brynn, kiungo mdogo mwenye mapafu ya farasi, amfuate beki yule hadi amchoshe. Aliwaambia wawili wabadilishane nafasi na mmoja apumzike. Alikuwa anazungumza kama anavyozungumza na Dottie kila Jumatatu mbele ya video, na wasichana walitikisa vichwa kama Dottie anavyotikisa. Akaona ajabu kidogo, kwamba maneno yake yalikuwa yamefika bila kupita kwa mtu.

Robo ya tatu Brynn alimwandama yule beki kama inzi na bakuli. Dakika ya kumi beki aliangalia kwa golikipa, mpira ukaporwa, Jocelyn akaumalizia. Sare, moja kwa moja. Miavuli ikafungwa. Glenn alipiga mwiko kwenye sufuria mpaka mchuzi ukamrukia baba mwenye tumbo, naye akaulamba mkononi akasema lazima akubali kwamba si mbaya.

Robo ya mwisho ilianza saa kumi kasoro dakika sita. Nawaambia ukweli, kwa dakika hizo sita Twila hakuwa kocha wa mtu. Alikuwa na jicho moja kwenye saa ya ubao na jingine kwenye kisanduku cha pampu kule kwenye uzio, na kati ya macho hayo mechi ilijiendea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ikabaki dakika moja. Akageuka kabisa, akauacha mchezo nyuma yake, akatazama.

Dottie alikuwa amekaa juu ya kisanduku. Amekaa kitako, miguu haifiki chini, kofia yenye maji pembeni yake, anakula vipande vya chungwa vilivyokataliwa na wasichana. Alipoona anatazamwa aliinua mkono mmoja juu. Kwenye kidole ulikuwa unaning'inia ufunguo.

Kengele ya kanisa la Kilutheri mjini ikagonga saa kumi, na jukwaa lote likanyamaza. Watu wa Ebersburg walijikunyata. Miavuli ya bluu ikafunguka moja baada ya nyingine, bila kelele safari hii, kwa tahadhari ya kweli. Hata mwamuzi, ambaye hakuwa yule wa picha lakini picha aliijua, alitoa filimbi mdomoni. Mizinga sita haikutikisika. Baadaye mama mmoja akaangua kicheko, kikaenea, na baba mwenye tumbo akafunga mwavuli wake akaukalia.

Twila akageukia uwanja. Ilikuwa kana kwamba mtu amemtua gunia alilosahau kwamba amelibeba. Alipiga kelele, alielekeza, alibadilisha wachezaji wawili kwa mpigo, alimwambia golikipa asogee hatua mbili na sekunde hiyohiyo mpira ukagonga mguu wa golikipa badala ya wavu. Alikuwa anafurahi. Alijishangaa anavyofurahi.

Zikiwa zimebaki sekunde nne, Brynn aliupiga mpira ukagonga mguu wa beki ndani ya duara. Filimbi. Kona ya adhabu. Saa ikaisha, lakini kona hupigwa hata saa ikiwa imeisha, ndiyo sheria; mpira ukitoka tu mbali na duara, robo imekwisha na muda wa nyongeza unaanza.

Wasichana walimtazama wakisubiri pai. Naye, kwa mazoea ya miaka ishirini na mbili, akatazama kando kupata ruhusa. Dottie alikuwa amekwisha kujikokota hadi kwenye benchi.

"Tupige ipi?" Twila akamuuliza.

"Waniuliza mimi? Mimi mtu wa machungwa."

"Dottie, tafadhali. Siku zote wewe ndiye unayeamua."

"Lini? Nitajie kona moja niliyoamua." Dottie aliegemea benchi. "Nilikuwa natikisa kichwa tu, mwanangu, ili watu wasijue kwamba sijui tofauti ya Cheri na Pichi. Haya, wanakungoja."

Kulikuwa na kona moja ambayo haijawahi kupigwa. Iliitwa Molasi, kama ile sharubati nzito ya miwa isiyo na haraka, na Twila aliitunga majira ya baridi baada ya Gharika. Ndani yake mpira husimamishwa na kisha hakuna mtu anayefanya chochote. Kila mtu husimama kama amesahau, pumzi nzima, mpaka walinzi waliotoka mbio wapitilize. Ndipo mpira hurudishwa taratibu kwa yuleyule aliyeusukuma, ambaye amekwisha kusogea kwenye mlingoti wa goli peke yake. Walikuwa wakiifanyia mazoezi kila Alhamisi. Hakuwahi kuiita kwenye mechi, kwa sababu kona nyingine zikishindwa umekosa bao tu, lakini hii ikishindwa umesimama kama mjinga mbele ya kaunti nzima. Naye alikuwa amekwisha kusimama hivyo mara moja.

"Molasi," aliita.

Jocelyn, aliyekuwa kwenye mstari wa nyuma na mpira, aligeuza shingo. Brynn alifungua mdomo.

"Mmenisikia. Molasi."

Mpira ukatoka. Brynn akausimamisha. Walinzi wa Wentling wakaja wanakimbia, na wasichana wa Lauber wakasimama. Jukwaani mtu akalia kwa uchungu, "Pigeni, pigeni nyie." Hawakupiga. Mlinzi wa kwanza akapita. Wa pili akajaribu kujizuia, akakaa chini. Brynn akaurudisha mpira polepole, kama mtu anayempitishia bibi yake chumvi mezani, na Jocelyn akiwa peke yake mlingotini akauingiza golini bila haraka.

Sitasimulia kelele. Glenn aliuacha mwiko ndani ya sufuria akaja mbio na aproni yake. Wasichana walimwangukia Twila wote, na vifaa vya golikipa vikiwa juu kabisa ya rundo, akavuta ile harufu akaona ni nzuri.

Kwenye maegesho, wapinzani na wenyeji wakiwa wamechanganyika kwenye foleni ya supu, Randall Moyer alimsogelea akakohoa kidogo. Twila akatoa barua mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo. Aliishika tu.

"Bado?" aliuliza Dottie, aliyekuwa amejifunika blanketi la farasi la mtu.

"Leo nilikuwa na wewe. Mwakani ukiwa kwako kibarazani na mbwa wako, itakuwa kama ile siku."

"Ile siku msaidizi wako alikuwa nani?"

"Sikuwa na msaidizi. Nilikuwa peke yangu, unajua."

"Enhe. Sema tena."

Twila akaikunjua barua mkunjo mmoja.

"Miaka tisa watu wanamcheka kocha mkuu aliyesahau pampu," Dottie akasema. "Mimi nimekuwa mkuu miaka thelathini na minne, pampu hata sikujua ilipo mpaka leo asubuhi. Mkuu hana kazi na pampu, Twila. Siku ile hukushindwa ukuu. Siku ile timu ilikukosa wewe. Kosa lilikuwa langu, nilikwenda kucheza ngoma Ohio bila kukuachia mtu, na nikanyamaza wakikucheka kwa sababu na mimi picha ile ilinichekesha. Nisamehe."

Twila alilia hapohapo, mbele ya watu wa Wentling na miavuli yao, na hakujali. Alilia kwa furaha na kwa miaka tisa ya mikate aliyonunua akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akajifuta kwa mkono wa jaketi, akamgeuza Dottie kwa mabega, akaiweka barua juu ya mgongo wake, akamwomba Moyer kalamu.

"Nasaini kwa sharti moja," alisema. "Nichague msaidizi mwenyewe."

"Umtakaye," alisema Moyer.

"Nataka huyu niliyemwandikia mgongoni. Mwaka mmoja, mpaka nipate mwingine."

Mgongo ukatikisika kwa kicheko. "Mimi ni mzee, nina miguu mibovu, na ni wa hovyo. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Utafundishwa."

Dottie alipogeuka aliivua ile kamba ya kiatu shingoni kwake, akaunyoosha mkono kuurudisha ufunguo. Twila alichukua kamba, akaipanua, akamvisha tena, akamwekea sawa juu ya koti.

"Machungwa," akamwambia, "vipande vinne. Vilivyo sawa."

"Ndiyo, Kocha," alisema Dottie.

Katika miaka ishirini na mbili hakuwahi kumwita hivyo. Akachukua gunia tupu, akashuka nalo uwanjani kuokota mipira, akiinama na kuguna kwa kila mmoja. Miguu ya Twila ilitaka kumfuata, naye akaikatalia. Glenn akamletea bakuli. Alilishika kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa, na supu ikamwunguza ulimi.